Bakuli la Alhamisi

Jumatatu, 14 Aprili

Nina miaka thelathini na moja na leo nimepewa kazi ya nyumbani kama mtoto wa chekechea. Daktari Kahonzi wa Kilifi ameniambia ninunue daftari, niandike kila ninachokula na kila linachojibu tumbo. "Andika hata usichokiona cha maana," kasema. Basi asije akalalamika, kwa sababu nguvu za kitu kingine sina.

Niseme hali yangu mara moja nisiirudie. Kwa miaka mitatu tumbo langu limekuwa la mtu mwingine. Linajaa, linanguruma, linaharisha, kisha linanyamaza siku mbili nikidhani limenihurumia. Nimebaki kilo arubaini na moja. Damu nusu ya ile inayotakiwa. Mimba mbili zimetoka, zote mwezi wa tatu. Nimepimwa malaria, minyoo, kifua kikuu, sukari, na ule ugonjwa ambao watu wakipimwa hawautaji. Vyote havipo. Nimesomewa. Nimenywa kombe siku saba, maandishi ya zafarani yakayeyuka kwenye sahani nikayanywa, yakakaa vizuri tumboni kuliko chakula.

Leo wamechukua damu ipelekwe Nairobi kutafuta kitu kinachoitwa siliaki. Nilidhani ni jina la mtu.

Kurudi Malindi, mvua ilitukuta penye msitu wa Arabuko na miti yote ikaonekana imesimama ndani ya maziwa. Zaid, mume wangu, alinishika mkono njia nzima. Sikulala wala sikuwa macho.

Jumanne, 15 Aprili

Chai ya maziwa, mahamri mawili. Wali, mchuzi wa papa. Jioni chapati moja. Tumbo: limevimba baada ya mahamri, likatulia kwa wali, likavimba tena kwa chapati. Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Bokoboko.

Daktari hajui Alhamisi yetu, kwa hiyo nimweleze. Bi Tumu ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, na kwa kuwa nimeolewa na mwanawe Zaid, ni mkwe wangu pia. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Shela ya Malindi. Hakuna arusi wala khitma ya mtaa huu inayopikwa bokoboko bila yeye. Huloweka ngano iliyopondwa tangu jana yake, akaiteleka na nyama, kisha akaipiga kwa mwiko wake wa mti mgumu, ambao umri wake ni mkubwa kuliko wangu, mpaka nyama na ngano zisahau kuwa zilikuwa vitu viwili. Juu yake samli.

Tangu nianze kudhoofika, kila Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri naletewa bakuli la kauri lenye maua ya buluu, limefunikwa kawa. Shangazi haniulizi kama nina njaa. Hunitia kijiko mkononi, akaketi kwenye kiti cha Zaid, akanitazama mpaka maua ya chini ya bakuli yaonekane.

"Shangazi, leo tumbo linanisumbua," nilimwambia.

"Ndio maana lazima ule. Mgonjwa haulizwi uji."

Nimelisikia neno hilo mara nyingi hata naliona limeandikwa hewani juu ya kichwa chake. Nilikula. Yeye alitabasamu maua yalipoonekana. Baada ya saa mbili nilikuwa chooni nimeegemea ukuta, nasikiliza mvua kwenye mabati, na nilimpenda sana, na nilitamani asije tena.

Ijumaa, 18 Aprili

Tumbo la jana lingalipo.

Jumatatu, 21 Aprili

Nashona kofia ya mkono, ya bwana harusi mmoja wa Mambrui. Tundu zake ni ndogo, na siku hizi zinaogelea. Nikitia sindano kwenye moja naikuta imetokea kwenye nyingine. Leo nilisinzia nayo mapajani, adhuhuri, na nikaota mtoto wa kike amesimama mlangoni. Miguu yake myembamba na tumbo limetangulia. Alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu, midomo imeingia ndani. Nikamwuliza, "Una nini mdomoni?" Akatikisa kichwa. Nilipozinduka mlango ulikuwa wazi na mvua imeingia hadi kwenye mkeka.

Alhamisi, 24 Aprili

Bokoboko. Nilimaliza. Vilevile.

Jumatatu, 28 Aprili

Daktari Kahonzi alipiga simu asubuhi tukaenda Kilifi mara moja. Damu yangu imerudi na ushahidi. Nitajaribu kuandika alivyosema, maana Zaid alikuwa akiuliza mambo mawili kwa pamoja na mimi nilikuwa natazama mdomo wa daktari kana kwamba maneno yatatoka na rangi.

"Ukikanda unga wa mahamri, kuna ule mnato unaovutika. Unaitwa gluteni. Umo kwenye ngano, kwenye shayiri na kwenye rai, nafaka ya Ulaya. Watu wengi unawapita salama. Mwili wako wewe ukiuona unaudhani adui, na katika kupigana nao unaupiga utumbo wako mwenyewe."

Akasema ndani ya utumbo mna vinyweleo vidogo vidogo, kama vya zulia, na hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Zulia langu huenda limechakaa. Chakula kinapita juu yake kama maji juu ya sakafu, ndiyo maana nakula nakonda, ndiyo maana damu haipandi kwa vidonge.

"Na mimba?" aliuliza Zaid.

"Inaweza kuwa sababu yake. Si hakika, lakini inaweza."

"Unaambukiza?" niliuliza. Hapana. "Nimerogwa?" Hakucheka, na kwa hilo nimemheshimu. "Umezaliwa na mlango wake," kasema. "Mara nyingi umo kwenye damu ya ukoo. Huku kwetu hatuuoni mara kwa mara, labda kwa kuwa hatuutafuti. Watoto wengine wanao, matumbo yanavimba, wanadumaa, na watu wanasema ni utapiamlo, wanazidi kuwalisha uji wa ngano."

Zaid akaacha kuuliza maswali. Nilimwona akitazama sakafu.

"Basi naacha ngano leo," nilisema.

"Usiache. Bado. Lazima tuutazame utumbo kwa kamera na tukate kipande kidogo. Ukiacha sasa utaanza kupona, na kamera haitaona kitu. Kula kama ulivyokuwa ukila mpaka siku ya Mombasa."

Kwa hiyo nimeambiwa kinachoniumiza, na nimeamriwa nikile.

Alhamisi, 1 Mei

Bokoboko, kwa amri ya daktari. Ni ajabu kula kitu ukijua. Nilikitazama kijiko kikija na nikahisi nimekaa upande wa pili wa chumba, karibu na Shangazi, namtazama Rufaida, mimi mwenyewe, akila. Shangazi alifurahi kwamba leo sikubisha.

Jumapili, 4 Mei

Zaid ameniambia jambo ambalo miaka sita ya ndoa hajanambia. Kabla yeye hajazaliwa, mama yake alikuwa na binti. Jina lake Kauthar. Alikufa na miaka minne, tumbo kubwa, miguu kama vijiti, nywele zimegeuka rangi. Hakuna picha. Mama yake halitaji jina hilo kamwe. Zaid alilisikia kwa marehemu baba yake mara moja tu.

"Wakisema nini kilimuua?"

"Wakisema dege la watoto, ati pepo. Baba alisema Mama hakulala. Alimpikia bokoboko kila siku ili apate nguvu."

Mimi na Kauthar ni damu moja. Mama yake ni dada wa baba yangu. Sasa nimeelewa kwa nini Zaid aliitazama sakafu kule Kilifi, na nimeelewa Alhamisi zangu zote. Shangazi hanilishi mimi peke yangu.

Sikumwambia Zaid ndoto yangu. Ningemwambia nini?

Alhamisi, 8 Mei

Bokoboko. Maua yalionekana.

Jumanne, 13 Mei

Mombasa. Wakanipulizia dawa kooni, chungu, kisha sindano mkononi. Muuguzi aliniambia nihesabu. Nilifika nne. Baada ya hapo nilikuwa natembea juu ya zulia refu lisilo na nyweleo, laini kama kauri, na mwishoni mwake mtu alikuwa anapiga kitu kwa mwiko. Nilipozinduka Zaid alinisimulia kwamba nilikuwa nikisema, "Mwambie asilete." Ati nilisema mara tatu.

Alhamisi, 15 Mei

Bokoboko. Majibu bado. Nilitapika, lakini baada ya Shangazi kuondoka.

Jumatano, 21 Mei

Ni siliaki. Daktari alituonyesha picha. Pale palipotakiwa kuwa na nyweleo pamelala bapa, kama msala wa msikiti wa zamani mahali pa magoti.

Dawa yake ni kuacha. Hakuna kidonge wala sindano. Kuacha ngano, shayiri na rai maisha yangu yote, na si kupunguza: hata chembe iliyobaki kwenye ubao wa kukandia inatosha kuamsha vita. Nikiacha, zulia litaota tena, taratibu, miezi au mwaka na zaidi. Nisipoacha, mifupa itakuwa myepesi, damu haitapanda, mimba zitaendelea kuwa shaka, na kwa wachache, baada ya miaka mingi, huja saratani ya utumbo. Hilo la mwisho alilisema bila kuinua sauti na bila kulipunguza. Vidonge vya madini ya chuma na vya mifupa nitameza, lakini hivyo ni vya kuziba mashimo yaliyokwisha chimbwa.

Vyakula vyangu ni vingi kuliko nilivyodhani. Wali, mahindi, mtama, muhogo, samaki, nyama, maharagwe, kunde, matunda, mayai. "Watu wa Pwani mna bahati," kasema. "Mna vibibi vya mchele, mna mkate wa kumimina, mna mofa za mtama. Ila hakikisha aliyepika hakuchanganya. Na vyombo vya mbao vilivyopikiwa ngano, ubao, mpini, mwiko, usivitumie. Mbao hunywa."

Nilipolisikia neno mwiko nilimfikiria Shangazi.

Njiani Zaid alisema atamwambia mama yake leo leo. Nikamkataza. Kumwambia mimi siwezi kula ngano ni rahisi. Lakini akiuliza swali la pili, na Shangazi ni mtu wa swali la pili, atakuwa amejua kwamba huenda alimlisha Kauthar kile kilichomuua. Amekaa na kaburi hilo miaka karibu arubaini. Mimi nani nikalifukue?

"Na bakuli?" Zaid aliuliza.

"Bakuli niachie mimi."

Alhamisi, 22 Mei

Bakuli nimeachiwa. Nilimwambia Shangazi kichefuchefu kimenishika, nitakula baada ya alasiri. Hakupenda, lakini aliondoka. Nikazunguka uani, nikalimwaga juu ya ukuta mfupi kwa kuku wa jirani yangu Gladys. Walilipokea kwa heshima.

Ijumaa, 23 Mei

Vibibi na tui. Wali, samaki wa kukaanga. Ndizi. Tumbo limekaa kimya, siamini.

Alhamisi, 29 Mei

Kuku wa Gladys, tena.

Jumapili, 1 Juni

Sijui niandikeje bila kujitia kijicho. Asubuhi niliamka na kichwa changu kilikuwa na madirisha. Ule ukungu niliouzoea hata nikauona ni tabia yangu, umeinuka kidogo. Nilichukua kofia ya bwana harusi na tundu zimekaa mahali pake kila moja. Nikashona safu mbili. Mvua ilipokatika jua likaingia kwenye uzi, nikakaa nalitazama kama mtu asiye na kazi.

Gladys kapita akasema, "Dada Rufaida, kuku wangu mwaka huu wamenona, hata sielewi." Nikamwambia ni baraka za masika.

Jumanne, 3 Juni

Nimeadhibiwa. Jana nilinunua vitumbua vya Gladys, vinne, kwa kuwa vitumbua ni mchele. Usiku mzima tumbo lilinikumbusha nani mkubwa. Leo nikamwuliza.

"Ni mchele," kasema. "Natia kijiko kimoja tu cha ngano ili vishikane."

"Kijiko kimoja."

"Wote tunatia. Hebu nikwambie, bila ngano vinavunjika, nani atanunua?"

Hana kosa. Nimemweleza ugonjwa wangu, akasikitika, akaahidi kunichomea vyangu mwanzo, kwenye kikaango kilichooshwa, vivunjike vinavyotaka. Akauliza, "Na Bi Tumu anajua?" Nikajifanya sikusikia.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nyumba ya Shangazi imejaa. Sinia la bokoboko katikati na wote wameketi kulizunguka. Aliniwekea upande wenye samli nyingi. Macho yake hayakuondoka kwangu. Nilitia tonge dogo mdomoni, nikatoka uani kana kwamba naitikia simu, nikalitema kwenye mchanga na kusukutua kwa maji ya mtungi. Niliporudi alikuwa amesimama dirishani. Sijui aliona nini. Alisema tu, "Idi njema, mwanangu," na mkono wake aliponishika ulikuwa baridi.

Alhamisi, 12 Juni

Alinikuta.

Aliniletea bakuli, nikasema maneno yangu ya kila wiki, akaenda. Kumbe alisahau kitambaa chake cha kichwa kwenye kiti. Alirudi nyuma yangu bila viatu. Mimi nilikuwa ukutani, bakuli limeinama, na kuku wa Gladys wanapigana chini.

"Tangu lini?"

Nilifikiri kusema uongo na sikupata wa kutosha. "Hii Alhamisi ya nne, Shangazi."

Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, ile isiyolowanisha haraka, na wala hakujali.

"Unaogopa nimekutilia kitu."

"La, Shangazi. Wallahi la."

"Mtu hamwagi chakula cha mkwewe ila kwa hilo. Siku ya Idi nilikuona unatema. Nikajiambia, Tumu, umeona vibaya. Watu walishanambia mke wa mwanao hazai, ataanza kutafuta mchawi, na mchawi wa kwanza ni mkwe. Nikawaambia huyu si mke wa mwanangu tu, huyu ni mtoto wa kaka yangu, nimemwogesha kwa mikono hii. Nikutilie sihiri mimi?"

Kisha akafanya jambo ambalo nitaliona maisha yangu yote. Akanyosha mkono, akachukua bakuli kwangu, akakomba kwa kidole kile kilichobaki, akala. Akakomba tena, akala. "Tazama. Naila. Ikiwa nimetia kitu, nife mimi."

Nilipiga magoti mbele yake kwenye matope. Nilimweleza yote: damu ya Nairobi, kamera ya Mombasa, zulia, mnato wa unga. Nilisema si mkono wake, ni ngano. Nilirudia hivyo mara nyingi, si mkono wako, ni ngano, kana kwamba hivyo ni vitu viwili ambavyo naweza kuvitenga.

"Ngano," alisema.

"Ngano."

"Bokoboko ni ngano."

"Ndiyo, Shangazi."

Kuku walikuwa wamemaliza na wananyamaza. Naye akauliza swali la pili, kwa sauti ndogo, bila kunitazama. "Na watoto huupata?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwepo mdomoni, tayari. Lakini nilikuwa nimechoka kumdanganya, na nilichelewa kidogo tu, na kuchelewa kwangu kukamjibu. Aliinuka, akashika bakuli lake, akaenda. Kitambaa kimebaki kwenye kiti.

Ijumaa, 13 Juni

Zaid alikwenda kwake. Hakumfungulia.

Jumatatu, 16 Juni

Nilipeleka kitambaa. Alikipokea mlangoni. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba."

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna bakuli. Tumbo langu halijawahi kuwa zuri hivi. Uzito umepanda kilo mbili. Nilikaa mlangoni kuanzia adhuhuri mpaka alasiri na nilikuwa nangoja, mimi niliyeomba asije. Kiti cha Zaid kilikuwa kitupu mbele yangu. Nimelia, na si kidogo.

Jumatatu, 23 Juni

Alikuja saa kumi na mbili asubuhi amevaa buibui lake la safari. "Zaid atupeleke stendi. Nataka kumwona huyo daktari wako."

Mvua zimepungua, mahindi ya Gede yamesimama mabichi, na yeye aliyatazama yote hadi Kilifi.

Daktari Kahonzi alimpa kiti, akamwamkia shikamoo. Shangazi akakaa ukingoni.

"Daktari, mwanangu. Mtoto wa miaka minne. Anaharisha kinyesi cheupe kinachoelea. Tumbo kubwa. Nywele zimekuwa nyekundu. Alikuwa mzima mpaka nilipomwachisha ziwa nikaanza kumpa chakula. Ilikuwa hii?"

Daktari hakuwa na haraka. "Siwezi kukwambia, Mama. Hakupimwa. Inawezekana, na inawezekana kabisa ilikuwa kitu kingine. Mambo mengi huwafanya watoto hivyo."

"Lakini inawezekana."

"Inawezekana."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kipimo cha nguo. Kisha alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kueleza mapishi:

"Alikuwa hataki. Alikuwa akifumba mdomo hivi." Akaonyesha, midomo imeingia ndani. "Kauthar. Nikimbana pua mpaka apumue kwa mdomo, nikatia kijiko. Kila siku. Alikuwa akinitazama. Nikasema mgonjwa haulizwi uji."

Ile midomo niliijua.

"Mama," alisema daktari, "wakati ule hapakuwa na mtu hapa wa kukwambia."

"Yeye alikuwa akinambia," alisema Shangazi.

Alikunja mkono wa buibui mpaka juu ya kiwiko, akaulaza mezani. "Nipime na mimi. Umesema ni damu ya ukoo."

Alhamisi, 26 Juni

Hakuna bakuli. Jioni alinitumia papai kwa mkono wa Zaid.

Alhamisi, 3 Julai

Majibu ya Shangazi yametoka. Damu yake haikuonyesha kitu. Nilikimbia kumwambia, nikidhani ni habari njema. Alikuwa anachagua mchele ukumbini.

"Nilitaka ugonjwa uwe wangu," alisema. "Angalau tungekuwa tumeumwa pamoja, mimi na Kauthar."

Nilikaa naye tukachagua mchele mpaka ukaisha. Alinisimulia kuhusu Kauthar: kwamba alikuwa akiogopa jogoo, kwamba alikuwa akiita mwezi "bakuli". Alilitaja jina lake mara nyingi sana, kama mtu aliyefunguliwa maji baada ya mgao.

Jumanne, 8 Julai

Kofia imekwisha. Bwana harusi ameichukua. Baridi ya upepo wa kusi imeingia na asubuhi nalala vizuri, usingizi wa kweli.

Alhamisi, 10 Julai

Baada ya adhuhuri nilisikia hatua zake. Akaingia na bakuli lenye maua ya buluu, limefunikwa kawa mpya.

"Mchele," alisema kabla hajaketi. "Nimeuloweka jana, nikauponda mwenyewe, kinu nimeazima kwa watu wasiotwanga ngano. Kuku na samli. Sufuria mpya. Mwiko mpya."

"Na ule wa zamani, Shangazi?"

"Ndio kuni niliyopikia hii."

Akafunua. Moshi wa kuku na samli ukajaa chumbani. Ilikuwa nyeupe kuliko ya ngano, imelegea kidogo, haijajua bado kushikana. Nilinyosha mkono kupokea kijiko, kama nilivyozoea. Hakunipa. Alikaa nacho mapajani, ameketi kwenye kiti cha Zaid.

"Unataka?" aliuliza.

Miaka mitatu, Alhamisi zote zile, hakuwahi kuniuliza. Aliuliza na akangoja. Nilitazama ndani ya tumbo langu kwa kweli, kama mtu anayechungulia chumba kuona kama kuna mtu, na kulikuwa na njaa mle, njaa ndogo, nzuri.

"Nataka, Shangazi. Kidogo."

Akanipakulia kidogo.